Mguu wa Cherehani wa Kushonea Mfarishi

Tangu tulipoandika juu ya kuunganisha mabaki ya vitenge ili kupata mfarishi, barua zimetufikia nyingi kuliko tulivyotazamia, na karibu zote zinauliza jambo moja. Mama mmoja wa Sikonge ndiye aliyeeleza vizuri zaidi. Vipande ameviunganisha, pamba ameitandaza, bandi amezipiga; lakini kila anapojaribu kuchora maua kwa cherehani juu ya mfarishi wake, kitambaa kinajikunja, mishono inarukwa, na uzi unakatika. Anauliza kama kosa ni lake au ni la cherehani.

Tunamjibu kwamba kosa si lake, wala cherehani chake hakina ubaya. Kosa ni la mguu.

Kwa wale ambao ni wageni katika ukurasa huu, mfarishi ni kifuniko cha kitandani chenye matabaka matatu: juu vipande vilivyounganishwa, katikati pamba au blanketi kuukuu, na chini kitambaa kizima. Matabaka haya hushonwa pamoja ili yasiachane. Sisi tunaoishi Tabora tunaujua ubaridi wa usiku wa Juni na Julai. Mchana jua linawaka, lakini alfajiri mtoto anajikunyata kama kifaranga, na blanketi moja halitoshi watoto watatu wanaolala kitanda kimoja. Hapo ndipo mfarishi unaposaidia, tena kwa gharama ndogo, kwa sababu mabaki ya vitenge fundi yeyote atakupa ukimwomba vizuri, na pamba inalimwa hapa hapa mkoani kwetu, Igunga na Nzega.

Kwa upande wa chini tunapenda merikani. Mji wetu na kitambaa hiki wanajuana tangu zamani. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapa Unyanyembe, na sehemu kubwa ya mizigo iliyokuwa vichwani na mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi ilikuwa nguo: merikani, kaniki na nguo za rangi. Nguo ndiyo iliyokuwa fedha ya njiani. Kwa nguo walinunua chakula, na kwa nguo walilipa hongo kwa watemi. Stanley alipofika Kwihara mwaka 1871, nje kidogo ya mji, mizigo yake ya nguo ilihifadhiwa pale kwenye tembe ambalo hadi leo wageni huenda kulitazama. Merikani iliitwa hivyo kwa sababu ilitoka Marekani. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 mizigo ilishuka vichwani ikapanda behewa. Sisi tunaipenda merikani kwa sababu nyingine tu: haitelezi, inavumilia kufuliwa, na sindano inaipenya bila ugomvi.

Sasa turudi kwenye mguu. Mguu ni kile kipande cha chuma kinachokandamiza kitambaa pale sindano inapoingia. Ule mguu wa kawaida wenye vidole viwili, uliokuja na cherehani, umetengenezwa kwa kazi moja: kukandamiza kitambaa juu ya meno, ili meno yakivute kwenda nyuma. Ukishona gauni, mambo ni mazuri. Lakini mfarishi una matabaka matatu. Meno yanalivuta tabaka la chini, na mguu unalizuia la juu. Tabaka la chini linakwenda, la juu linabaki, na unapofika mwisho wa mstari unakuta mkunjo mkubwa. Tena mguu huo haukuruhusu kwenda pembeni. Huwezi kuchora ua kwa mguu unaojua njia moja tu.

Kwa hiyo wenye kushona maua huyaondoa meno kazini, na mikono ya mshonaji ndiyo inayosogeza kitambaa: mbele, nyuma, kushoto, kulia, kama mtu anayesogeza karatasi chini ya kalamu iliyosimama. Akina mama wengi wanalifahamu jambo hili bila kujua kwamba wanalifahamu, kwa maana ndivyo mafundi wanavyodarizi foronya na mashuka kwa cherehani. Hutoa mguu kabisa, hubana kitambaa ndani ya fremu ya mviringo, na kukizungusha chini ya sindano iliyo uchi. Kazi yao inapendeza sana.

Na hapa ndipo tunapotaka kukuonya, mama, kwa kuwa wengi hufikiri kwamba kama foronya inadariziwa bila mguu, basi na mfarishi utashonwa bila mguu. Foronya ni kitambaa kimoja chembamba kilichokazwa na fremu kama ngozi ya ngoma. Mfarishi ni mnene, na fremu ya kudarizia haiukazi vizuri. Sindano inaposhuka inapita. Inapopanda, inaunyanyua mfarishi pamoja nayo. Kitambaa kikinyanyuka, ule mzunguko mdogo wa uzi unaotakiwa kudakwa chini hautokei vizuri, na mshono unarukwa. Hivyo mshonaji, bila hata kufikiri, anapeleka vidole karibu na sindano ili akandamize kitambaa. Vidole vinakuwa ndio mguu.

Mwenzetu mmoja alishona hivyo. Cherehani chake kilikuwa cha mkono, na kwa kuwa kazi hii inahitaji mikono yote miwili juu ya kitambaa, alimweka binti yake wa miaka kumi azungushe gurudumu. Walifanya hivyo jioni mbili bila tatizo. Jioni ya tatu mama alikandamiza kidogo upande wa kulia, binti akazungusha, na sindano ikapita katikati ya ukucha wa kidole cha shahada ikatokea chini. Mama alinyamaza. Aliyepiga kelele ni mtoto. Ilibidi gurudumu lirudishwe taratibu ili sindano itoke, na mtoto hakuweza kuligusa. Mama alilirudisha mwenyewe kwa mkono wa kushoto.

Kidole kilipona. Lakini binti yule alikaa miezi hakikaribii cherehani, na akitumwa kuleta uzi alikuwa akiusukuma juu ya meza kutoka mbali. Mama yake alituambia kwamba hilo lilimuuma kuliko ukucha.

Kwa kuwa tumelitaja jambo hili, tuseme kabisa la kufanya. Sindano ikiingia kidoleni, usiuvute mkono. Rudisha gurudumu polepole hadi sindano ipande. Kisha ichunguze sindano: kama imevunjika, vitafute vipande vyote na uviunganishe, uone kama ncha ipo. Kama ncha haionekani, usichokonoe kidole kwa pini, nenda zahanati na vile vipande mkononi ili mganga avione. Hata kama haikuvunjika, osha kwa sabuni na maji mengi, na uulize juu ya chanjo ya pepopunda.

Basi, kuna miguu iliyotengenezwa kwa ajili ya kazi hii hasa. Ukienda dukani, muulize muuzaji mguu wa kudarizia au wa kutilia rafu wenye springi. Asipokuelewa, mwelezee umbo lake: mguu wenye pete ndogo chini, springi katikati, na mkono mwembamba wa chuma unaotokeza juu. Mkono huo hukaa juu ya skrubu inayokaza sindano. Sindano inapopanda, skrubu inaunyanyua mguu, na kitambaa kinakuwa huru kusogezwa. Sindano inaposhuka, springi inaushusha mguu, nao unakikandamiza kitambaa kwa muda ule ule ambao sindano imo ndani. Ndiyo maana unaonekana unarukaruka kama mbayuwayu mchangani. Kazi ambayo vidole vya mwenzetu vilikuwa vinaifanya, pete inaifanya, na vidole vinakaa mbali.

Miguu hii haifanani, na wauzaji mara nyingi huisifu yote sawasawa. Kuna yenye pete nzima ya chuma. Kuna yenye pete iliyofunguka mbele kama kwato ya punda. Na kuna yenye pete ya plastiki inayong'aa kama kioo. Muuzaji atakuonyesha kwanza ile ya plastiki, kwa sababu inapendeza na kupitia kwake unaona mshono wote. Sisi tulivutiwa nayo. Lakini vumbi la Tabora wakati wa kiangazi halina huruma. Plastiki ilijaa mikwaruzo, ikapata ukungu, na baada ya muda ikapasuka pale sindano ilipoigusa. Kwa mwenye cherehani cha umeme ndani ya chumba safi huenda ikadumu. Kwa kibaraza chetu haikudumu.

Ile iliyofunguka mbele ni nzuri kwa anayefuata mchoro, kwa mfano ukitaka kuzunguka ukingoni mwa ua lililochapwa kwenye kitenge, kwa kuwa unaiona sindano waziwazi. Kasoro yake ni kwamba ile midomo miwili hupenda kuingia chini ya nyuzi za bandi au chini ya mshono ulionyanyuka, na mfarishi unasimama ghafla. Tena kidole kinaweza kuteleza kikapita katikati ya midomo hiyo. Kwa aliyezoea, sawa. Kwa anayeanza, na hasa kwa nyumba yenye watoto wanaopenda kuegemea cherehani, tunashauri pete nzima ya chuma. Utaona kidogo kidogo mwanzoni, na utalalamika. Baada ya siku chache jicho litazoea kutazama mbele ya pete badala ya kutazama sindano, na huko mbele ndiko linakotakiwa litazame.

Kabla hujalipa, jambo kubwa kuliko umbo ni kama mguu unaingia kwenye cherehani chako. Hapa tulipoteza fedha. Tulinunua mguu mzuri wa chuma, tukafika nyumbani, tukakuta umekuwa mrefu mno, haugusi chochote isipokuwa kuinama pembeni kama mlevi, na mwenye duka akakataa kuupokea tena. Vyerehani havina kimo kimoja. Ushushe mguu ulio nao sasa, halafu pima kwa rula kutoka kwenye bati la sindano hadi katikati ya skrubu inayoushika mguu. Vyerehani vingi vya nyumbani vya kukanyaga, vile vyeusi vya Singer na Butterfly ambavyo karibu kila mtaa unavyo, kipimo chake ni kifupi, karibu robo tatu ya inchi. Vyerehani vya kiwandani na baadhi ya vya umeme vina kipimo kirefu, karibu inchi moja na robo. Na kuna Singer za miaka ya nyuma ambazo sindano na fimbo ya mguu zimelala kidogo badala ya kusimama wima; hizo zina miguu yake ya peke yake.

Kama huna rula, ufungue mguu wako wa zamani, uufunge kwenye leso, uende nao dukani. Usimame nao sambamba na ule mpya. Tundu la skrubu lilingane na tundu la skrubu, kimo na kimo. Muuzaji akikasirika, mwache akasirike. Na kabla ya kutoka nyumbani tazama pia skrubu inayokaza sindano imekaa upande gani, maana katika baadhi ya vyerehani imekaa upande ambao ule mkono wa chuma hauifikii, na mguu usiofikia skrubu hauwezi kuruka.

Tuseme sasa umeupata na umefika nyumbani. Toa mguu wa zamani, vaa mpya, hakikisha mkono wa chuma uko juu ya skrubu ya sindano. Sisi mara ya kwanza tuliuweka chini yake, tukavunja sindano mbili kabla ya kugundua. Kaza kwa bisibisi, si kwa vidole tu, kwa sababu mtikisiko wa kazi hii hulegeza skrubu. Kisha zungusha gurudumu kwa mkono mara moja au mbili, uone sindano inapita katikati ya pete bila kugusa chuma.

Meno nayo yaondolewe kazini. Vyerehani vingine vina skrubu au kitufe cha kuyashusha. Kama chako hakina, kata kipande cha kadi ngumu, ukitoboe tundu la sindano, ukibandike kwa selotepu juu ya meno. Au weka urefu wa mshono kwenye sifuri, meno yatapanda na kushuka mahali pamoja bila kuvuta. Tumefanya njia zote na hatuoni tofauti kubwa, ila kadi huchoka na inabidi ibadilishwe.

Kisha kuna jambo ambalo limewaliza wengi, na tunaamini ndilo linalokata uzi wa mama yetu wa Sikonge. Ule wenzo wa nyuma unaoshusha mguu ni lazima ushushwe kila mara kabla ya kushona, hata kama mguu wa pete hauonekani kushuka, hata kama huna mguu kabisa. Wenzo ukiwa juu, zile sahani mbili ndogo zinazoukaza uzi huwa zimeachana, uzi wa juu unatiririka bila kizuizi, na chini ya mfarishi linatengenezwa fundo kubwa kama kiota cha ndege. Ukiona kiota hicho, usiharakishe kulaumu bobini. Angalia wenzo kwanza.

Tumia sindano namba 14, au namba 16 kama ndani kuna blanketi. Kama ndani kuna pamba ya kuchambua kwa mkono, mistari yako isiachane zaidi ya inchi moja na nusu, la sivyo siku ya kwanza ya kufua pamba itakusanyika pembeni na katikati patabaki patupu. Ndiyo sababu maua na mawimbi yanafaa kuliko mistari michache iliyonyooka. Blanketi kuukuu halina shida hiyo, na kwa mfarishi wa kwanza tungependa uanze nalo.

Anzia katikati ya mfarishi uende pembezoni, ili kitambaa kinachozidi kisukumwe nje. Wapo wanaofanya kinyume. Wanawake wa Kisidi wa Karnataka huko India, ambao mababu zao walitoka pande zetu hizi za Afrika, hushona mifarishi yao ya vipande kwa mkono wakianzia ukingoni na kuzunguka hadi katikati, na inakaa vizuri sana. Lakini wao huongeza kipande kimoja kimoja kadiri wanavyoshona. Sisi tumekwisha kuunganisha vyote, hivyo tuanzie katikati.

Unaposhona, miguu yako ikanyage kwa mwendo mmoja usiobadilika, na mikono iende polepole. Mkono ukienda haraka, mishono inakuwa mirefu kama bandi, ukichelewa, inarundikana. Weka viganja bapa pande mbili za pete, vidole vikiwa mbali nayo upana wa vidole vitatu. Mwenye cherehani cha kukanyaga ana bahati, mikono yake yote iko huru. Mwenye cherehani cha mkono tunamwomba asimpe mtoto gurudumu hata akiwa na mguu wa pete. Amtafute mtu mzima, wakubaliane neno moja la kuanzia na moja la kusimamia, na anayesema awe yule mwenye mikono kwenye kitambaa.

Usianze na mfarishi wenyewe. Chukua vipande viwili vya kitenge vyenye ukubwa wa kiganja na nusu, weka kipande cha blanketi katikati, ushone mawimbi hadi uchoke, kisha pinda kingo. Utapata kitambaa cha kushikia sufuria. Cha kwanza kitakuwa na viota chini, cha pili vitapungua. Yule mwenzetu aliyeumia alishona kumi na viwili kwa mguu mpya kabla ya kurudi kwenye mfarishi wake, na siku moja alipokuwa akishona cha tisa, binti yake alikuja akasimama nyuma ya kiti akitazama pete inavyoruka. Hakusema kitu. Baadaye aliuliza kama anaweza kuchagua kitenge cha kipande kinachofuata, akachagua chenye samaki wa manjano, na akakileta mwenyewe hadi mezani.